Kutengeneza albamu ya ukoo kabla watu hawajakuja nyumbani Disemba

Kama familia imepanga kukutana Disemba na wewe ndio umeangukiwa na kazi ya historia, usikimbilie kununua glita na stika za maua. Anza na kabati ya nyanya, pale programu za mazishi huwa zimewekwa. Huku kwetu magharibi, iwe Bungoma ama Siaya, hakuna karatasi imebeba ukoo kuliko hiyo, maana kwa eulogi unapata mtu alizaliwa wapi, baba na mama ni nani, bibi, watoto kwa mpangilio, shule, kazi mpaka kanisa. Zikusanye kutoka kila boma, zipange kwa mwaka, halafu uzilinganishe. Sasa hapo ndio kuna utamu, kwa sababu programu ya kaka itasema walizaliwa saba na ya dada iseme tisa, na kuna bibi husahaulika na si kwa bahati mbaya. Usichague moja. Andika zote mbili na uende uulize.

Kuuliza nako kuna njia. Ukimuuliza mzee alizaliwa mwaka gani atakutajia ule wa kitambulisho, na huo mara nyingi karani alikadiria tu. Muulize kwa matukio: alikuwa ameanza kuchunga ng'ombe wakati watu walikimbilia dhahabu Kakamega, hiyo ni 1931 hivi? Mafuriko ya 1961 yalimpata ameolewa? Uhuru 1963 alikuwa na watoto wangapi? Kama ni Mbukusu muulize rika lake, Maina ama Chuma ama Sawa, na alitahiriwa pamoja na kina nani, kwa vile tohara hufanywa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili na wazee hukumbuka hiyo kuliko tarehe yoyote. Majina pia yanasaidia: Wafula na Nafula ni wa mvua, Wanjala ni wa njaa, kwa Wajaluo Okoth ni mvua na Otieno ni usiku. Lakini tahadhari, huenda jina lilirithiwa kwa babu aliyekufa, so usiandike "alizaliwa wakati wa mvua" kabla hujauliza alipewa jina la nani.

Nenda na picha mkononi na uache simu ikirekodi pale mezani. Mzee akiwa na picha anaongea vizuri kuliko akiwa na maswali.

Uliza pia kama kuna kipande kimebaki mahali. Ile karatasi ya usajili wanaume walilazimishwa kubeba kuanzia 1920 hivi, kwa kakibati kadogo kenye kananing'inia shingoni, ina jina, sehemu alikotoka, alama za vidole na mabwana aliowafanyia kazi. Aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni) akapelekwa Burma wakati wa vita vya pili vya dunia pengine aliacha barua ya kuachishwa jeshi. Kwa kanisa, Wakatoliki na Waanglikana wana rejista za ubatizo na ya Katoliki huwa na wazazi, msimamizi, na mara nyingi ndoa imeandikwa pembeni. Lakini kama wazee wenu ni wa Friends, yaani Quakers, wale wenye misheni Kaimosi tangu 1902, usisumbue mtu na rejista ya ubatizo, hao hawabatizi kwa maji, ulizia rekodi za ndoa na za shule. Ukikwama kabisa kuna Kenya National Archives pale Moi Avenue Nairobi, ripoti za madisi wa zamani (ma-DC, wakuu wa wilaya) ziko huko, ila ni za kukuonyesha maisha ya kijiji, jina la babu yako usilitegemee sana.

Sasa kubandika. Picha yenyewe haibandikwi, unabandika kopi. Skani kwa saiba dpi 600, ama upige na simu kando ya dirisha bila flashi. Zile albamu za plastiki zenye gundi tayari zinaharibu picha, na kama imeshikana usiivute, pitisha uzi wa meno chini yake polepole kama unakata ugali. Selotepu hapana, laminesheni hapana, na nyuma ya picha andika na penseli laini, biro hupenya ikatokea mbele. Chukua springi faili na manila pepa nene, upe kila nyumba rangi yake, nyumba kubwa labda kijani, ya pili njano, mtu akifungua anajua yuko kwa watoto wa mama gani bila kuuliza swali la kuleta ubaya.

Ukurasa wa picha ya kundi uufanye hivi. Tuseme ni wamama wanne wamepigwa studio Kisumu, nyuma kuna pazia limechorwa ngazi, mmoja ameshika mkoba na ukiangalia picha nyingine za studio hiyo unakuta ni mkoba ule ule, ulikuwa wa studio. Weka kopi katikati, juu yake trensing pepa, chora duara kila kichwa na uweke namba. Chini andika namba, jina, na nani amesema. Hiyo "nani amesema" usiiruke. Geuza picha pia, muhuri wa studio ukiwepo uuskani nao uuweke pembeni.

Namba isiyo na jina iache wazi. Mimi naona albamu iliyokamilika kabla ya siku yenyewe ni hasara, kwa sababu watu wenye majibu ndio wanakuja siku hiyo. Acha kurasa tupu kwa kila nyumba, funga penseli na kamba, weka meza karibu na pale watu wanaingia kwa tenti, mbali na chai na supu, na uweke msichana wa Form Two mwenye mwandiko mzuri akae hapo, maana wazee wengi watasema lakini hawataandika. Namba za vitambulisho na kopi za title za shamba usiziweke kabisa, hapo sherehe inageuka kesi.

Watu wakienda, piga picha kila ukurasa jioni hiyo hiyo kabla faili haijabebwa na mtu, tuma kwa grupu ya familia, na kila nyumba ichapishiwe kopi yake. Ile ya kwanza ikae nyumba isiyovuja, juu ya kabati, si chini kwa mchwa na si jikoni kwa moshi.