Ramani na video za kuazima kwenye ukurasa wa dagaa

Mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, aliniomba ukurasa mmoja tu wa wavuti: picha ya mzigo, ramani ya kufika kizimbani kwake, na video ya dagaa wakianikwa. Nikaumaliza jioni ile ile, kwa Wi-Fi ya ofisini, kila kitu kikafunguka chap. Kesho yake simu: "Mwanangu, hiki kitu chako kinazunguka tu na bando limekwisha." Yeye alikuwa sokoni, na simu yake si ya bei.

Nilikuwa nimejaza ukurasa vitu vya watu. Siku hizi nafanya hivi.

Nianze na picha, kwa sababu hapo ndipo nilipoaibika zaidi. Tagi ni agizo la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti; ile ya `img` inakubali anwani ya picha iliyoko popote duniani, nami nilichukua picha ya dagaa kwenye tovuti ya watu na kuiacha huko huko. Wiki mbili baadaye mwenye nayo akaibadilisha, na pale pa dagaa pakatokea maandishi mekundu: usiibe picha. Mama akadhani ni yeye anayeambiwa. Basi piga picha yako, ipunguze, iweke kwenye seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi ukurasa wako:

`<img src="picha/dagaa.jpg" alt="Dagaa wakikauka juani" width="800" height="600">`

Usiache `width` na `height`. Kivinjari kikijua vipimo kinatenga nafasi mapema, maandishi hayarukiruki picha inapoingia, na mteja anayelenga namba ya simu habonyezi kitu kingine. `alt` ndiyo anayosomewa asiyeona, na ndiyo inayobaki picha ikigoma kuja.

Ramani huna budi kuazima. Tagi yake ni `iframe`, yaani dirisha unalotoboa kwenye ukurasa wako ili tovuti nyingine ichungulie. Mimi natumia OpenStreetMap:

`<iframe src="https://www.openstreetmap.org/export/embed.html?bbox=32.87,-2.54,32.93,-2.48&amp;layer=mapnik" title="Ramani ya Mwanza" width="100%" height="300" loading="lazy"></iframe>`

Zile namba nne baada ya `bbox` ni kona mbili za ramani: kwanza ya kusini magharibi, kisha ya kaskazini mashariki, na kila kona longitudo inatangulia latitudo. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo zetu zina alama ya kutoa. Ukiisahau, mteja wa dagaa anapelekwa kaskazini mwa Uganda. (Nimeshampeleka.) Neno `loading="lazy"` linakiambia kivinjari kisivute ramani mpaka msomaji akaribie kuifikia. Asiyeshuka mpaka chini hailipii.

Halafu andika njia kwa maneno chini ya dirisha. Zamani tuliambiwa tuweke maneno ya akiba katikati ya `<iframe>` na `</iframe>`. Vivinjari vya leo haviyaonyeshi hata ramani ikikwama. Yaweke nje, kwenye aya ya kawaida: ukishuka Kirumba ulizia Mwaloni, kizimba cha tatu upande wa ziwani.

Video ndiyo iliyokula bando la mama. Kosa la kwanza la kila mtu ni kukopi anwani ya YouTube yenye `watch?v=` na kuipesti kwenye `iframe`. Inakataa. Inayotakiwa ni `https://www.youtube.com/embed/` ikifuatiwa na kitambulisho cha video, yaani zile herufi zinazokuja baada ya `v=`. Hiyo inafanya kazi, ila kabla mtu hajabonyeza chochote kichezeshi kimeshavuta mamia ya kilobaiti. Kwa wateja wa Mwaloni nimeacha kabisa. Naweka picha moja ya video, nimeifunga ndani ya kiungo:

`<a href="https://www.youtube.com/watch?v=KITAMBULISHO"><img src="picha/video.jpg" alt="Tazama dagaa wakianikwa" width="640" height="360"></a>`

Anayetaka atabonyeza. Kama faili la video ni lako mwenyewe, tumia `<video controls preload="none" poster="picha/video.jpg" src="dagaa.mp4"></video>`; `preload="none"` inakiomba kivinjari kisipakue video mpaka ichezwe.

Kuna siku utapachika tovuti fulani na kuambulia kisanduku cheupe. Usikeshe ukitafuta kosa lako. Wenye tovuti wanaweza kuzuia wasiwekwe kwenye dirisha la mtu mwingine, kwa kichwa cha seva (agizo ambalo seva yao hukitumia kivinjari pamoja na ukurasa) kiitwacho `X-Frame-Options`, au kwa agizo jingine la namna hiyo, `frame-ancestors`, na huku kwako hakuna tagi itakayokifungua. Weka kiungo, endelea na kazi. Kisanduku kikigoma na anwani inaanza na `http` bila `s`, jaribu kuiongezea: ukurasa wa `https` hauruhusu dirisha lisilo salama.

Tagi ya `script` kutoka nje, yaani inayoleta programu ya mtu mwingine, naiogopa kuliko zote. Ikishaingia ina uhuru wote ndani ya ukurasa wako, hata kusoma anachoandika mteja kwenye fomu. Kwa ukurasa wa dagaa sijaona sababu ya kuiweka.

Ukimaliza, zima Wi-Fi. Mimi hupanda kivuko cha Kamanga, nafungua ukurasa kwa bando langu mwenyewe tukiwa katikati ya maji, mtandao ukiwa wa kubahatisha. Ule wa mama, mara ya mwisho, ulitoa kwanza bei ya gunia na namba ya simu. Picha ikafuata. Ramani ilikuja tukikaribia gati, na abiria wa pembeni yangu alikuwa ameshainakili namba.