Noti za hisabati za kufunika, si za kusoma: kutoka sehemu hadi aljebra

Niliachana na hisabati nikiwa kijana, nikairudia ukubwani kwa sababu kozi niliyoitaka ilidai aljebra. Ilibidi nianzie kwenye sehemu, asilimia na namba hasi. Miezi miwili ya mwanzo niliandika noti za kupendeza kweli: vichwa kwa wino mwekundu, kanuni ndani ya visanduku, mifano ya kitabuni nimeinakili yote mstari kwa mstari. Siku moja nikajipa maswali ishirini bila kufungua daftari. Nikapata sita.

Noti hazikuwa na kosa. Kosa ni kwamba nilikuwa nazisoma. Swali lililokwisha kutatuliwa ukilisoma kila mstari unakukubalia, unatikisa kichwa mpaka mwisho, kisha ukipewa lile lile kwenye karatasi tupu hujui pa kuanzia. Tangu hapo naandika noti kwa mpangilio unaoniruhusu kuzifunika na kutatua upya, na ndivyo ninavyowaanzisha wanaokuja kwangu kujifunza, wakubwa kwa wadogo.

Hatua ya 1: Andaa daftari

Daftari moja, la miraba ukilipata. Tarakimu moja mraba mmoja, na alama ya hasi nayo ipewe mraba wake. Utashangaa ni makosa mangapi ya kugawanya kwa kirefu yanatokana na tarakimu kuteleza kutoka nguzo moja hadi nyingine.

Mbele andika noti, nyuma (geuza daftari uanzie mwisho) andika makosa. Raba iweke mbali. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, kwa sababu utalihitaji kwenye hatua ya 5.

Na ukifika kwenye aljebra, badilisha mwandiko wako wa x. Ipinde miguu, maana x iliyonyooka na alama ya kuzidisha ni mapacha. Mimi niliacha kabisa kuandika × mara herufi zilipoingia, nikawa natumia mabano: 3(x) au 3x.

Hatua ya 2: Gawa ukurasa

Piga mstari wa wima ukiacha theluthi moja ya ukurasa upande wa kulia. Kushoto ni njia, kulia ni sababu. Swali liandikwe juu kabisa, peke yake, ili ukiweka karatasi chini yake usione kitu kingine.

Chukua 3(x − 4) = 2x + 5. Upande wa kushoto:

3x − 12 = 2x + 5
x − 12 = 5
x = 17

Upande wa kulia, mkabala na kila mstari:

3 inazidisha vyote vilivyo ndani ya mabano, si x peke yake.
Nimetoa 2x pande zote mbili.
Kushoto palipunguzwa 12, nimezirudisha. Na kulia nimeongeza hizo hizo 12.

Chini yake hakiki: 3(17 − 4) = 39, na 2(17) + 5 = 39. Sawa.

Safu ya kulia ndiyo noti yenyewe. Ya kushoto ni mazoezi tu, hata kikokotoo kinaweza kuitoa. Ndiyo maana nasisitiza sababu iandikwe kwa maneno yako, hata yakiwa ya mtaani. Ukishindwa kuijaza, usiandike "kwa kanuni" ukapita. Weka alama ya kuuliza na uendelee. Hiyo ndiyo orodha ya mambo ya kumuuliza mwalimu, na inamwokolea muda kuliko kumwambia "sielewi aljebra".

Angalia nilivyoandika "nimezirudisha". Watu wengi wamefundishwa kwamba namba "ikivuka" alama ya sawasawa inabadilika, hasi inakuwa chanya. Jibu linatoka, lakini ukiuliza kwa nini inabadilika unaambiwa ndivyo ilivyo. Neno aljebra lenyewe linatokana na al-jabr ya Kiarabu, kurudisha kilichopungua, na al-Khwarizmi aliyeandika huko Baghdad karne ya 9 alilitumia kwa jambo hili hasa: upande mmoja umepungukiwa, rudishia, kisha upande wa pili nao uupe kiasi hicho hicho. Hakuna namba inayovuka popote. Ukiandika hivyo kwenye safu ya sababu, siku ukikutana na x ÷ 4 = 3 hutababaika iwapo 4 "ikivuka" inakuwa nini.

Hatua ya 3: Alama moja ya sawasawa kwa kila mstari

Hii ni fupi lakini siilegezi. Mtu akitaka kujumlisha 5 na 3, azidishe kwa 2, kisha atoe 4, anaandika:

5 + 3 = 8 × 2 = 16 − 4 = 12

Kichwani mwake kila kitu kipo sawa, na 12 ndilo jibu. Ila alichoandika kinasema 5 + 3 ni 12. Anaitumia alama ya sawasawa kwa maana ya "halafu napata". Robert Recorde wa Wales, aliyeianzisha mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo. Kwenye hesabu za kawaida mazoea haya hayamdhuru mtu. Kwenye mlinganyo yanamwangusha, kwa sababu mlinganyo wote ni dai kwamba upande huu na ule ni kitu kimoja. Kwa hiyo shuka mstari mpya kila mara, na alama za sawasawa zipange zishuke wima, moja chini ya nyingine.

Hatua ya 4: Kila kanuni na mahali inapokomea

Hapa ndipo noti nyingi zinapoharibika. Katika daftari langu la kwanza kulikuwa na kisanduku kizuri: "Hasi na hasi ni chanya." Siku moja nikakutana na −3 − 5. Nikaona hasi mbili, nikaandika 8. Kanuni nilikuwa nayo. Ila sikuandika kwamba ni ya kuzidisha na kugawanya.

Siku hizi kila kanuni naipa mistari mitatu: inasemaje, mfano inapofanya kazi, na mfano unaofanana nao ambapo haifanyi. Hiyo hapo juu ikawa hivi:

Namba hasi mbili zikizidishwa au zikigawanywa, jibu ni chanya.
Inafanya kazi: (−3)(−5) = 15
Haihusiki: −3 − 5 = −8. Hapa nipo kwenye −3 na ninazidi kwenda kushoto.

Mstari wa tatu ndio mgumu kuuandika, na ndio utakaokuokoa.

Mfano mwingine ni MAGAZIJUTO, ambayo karibu kila mmoja wetu aliimba: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inasaidia, ila mkiani ina mtego. Chukua 10 − 4 + 3. Anayefuata herufi kama zilivyo anajumlisha 4 na 3 kwanza, kisha 10 − 7, anapata 3. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia; au ukipenda, kila namba ibebe alama iliyo mbele yake, yaani 10, −4 na +3, ndipo ujumlishe kwa mpangilio wowote. Kugawanya na kuzidisha navyo vina hadhi moja, ila huko bahati iko upande wetu: ukianza na kugawanya kama MAGAZIJUTO inavyotaka, jibu halipotei. Jaribu 3 × 8 ÷ 4 kwa njia zote mbili uone. Halafu neno lenyewe halina vipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 2 kwenye 3²), kwa hiyo andika pembeni kwamba kipeo kinakuja baada ya mabano na kabla ya kugawanya. Ndiyo sababu −3² ni −9, wakati (−3)² ni 9.

Hatua ya 5: Kurasa za nyuma

Kila kosa linaloingia nyuma ya daftari liwe na vitu vinne: nilichoandika, nilichokuwa nafikiri, kilicho sahihi, na swali jipya linalofanana nalo bila jibu. La pili wanafunzi hulikwepa, wanaandika "sikuwa makini". Sikubali hilo. "Sikuwa makini" si wazo. Mfano wa ingizo halisi:

Nimeandika: 2/3 + 1/4 = 3/7
Nilifikiri: kuzidisha sehemu ni juu kwa juu na chini kwa chini, basi na kujumlisha vivyo hivyo.
Sahihi: 8/12 + 3/12 = 11/12
Jaribu: 1/2 + 2/5

Halafu nikaongeza kitu ambacho sikukiona kitabuni: 3/7 ni ndogo kuliko 2/3. Nilianza na theluthi mbili, ambazo zimepita nusu, nikaongeza robo, nikabaki na kitu kisichofika hata nusu. Jibu lilikuwa linajishtaki lenyewe. Tangu siku hiyo, kabla ya kukokotoa sehemu naandika kwa penseli "zaidi ya nusu" au "karibu na 1". Sekunde tano tu.

Kwenye aljebra mlinzi wako ni namba. Ukihisi kwamba (x + 3)² ni sawa na x² + 9, weka namba badala ya x. Ila hapa kuna tahadhari ambayo niliipata kwa kuumia: usijaribu kwa 0 wala 1. Ukiweka 0, pande zote zinatoa 9, unaridhika na uongo. Ukiweka 2, kushoto ni 25 na kulia ni 13. Hivyo hivyo kwa anayedhani 2x + 3 ni 5x: kwa x = 1 pande zote ni 5, anashangilia; kwa x = 2 anapata 7 na 10. Tumia 2 kwanza, kisha namba hasi moja.

Makosa yakifika kama kumi na tano, yapitie uyape herufi: E la kutoelewa, N la kunakili vibaya (aliona 6 akaandika b, au hasi imedondoka njiani), K la kukokotoa. Yangu mengi yalikuwa N, na miezi yote nilikuwa nikijiona sina akili ya hisabati. Dawa ya N ni mwandiko na miraba. Dawa ya E ni kurudi kwenye mada. Ni dawa mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 6: Kamusi ya kutoka maneno kwenda alama

Tenga kurasa mbili katikati. Maswali ya maneno huwaangusha hata wanaojua kutatua milinganyo, kwa sababu hufuata mpangilio wa maneno. "Toa 7 kwenye n" mtu anaandika 7 − n kwa vile saba imetajwa kwanza. Andika kwenye kamusi: toa 7 kwenye n → n − 7. Mara tatu ya jumla ya n na 2 → 3(n + 2). Jumla ya 2 na mara tatu ya n → 3n + 2. Hizi mbili za mwisho ziandike moja juu ya nyingine, zitazamane.

Inayosumbua kuliko zote ni ya aina hii: umri wa Juma ni mara tatu ya umri wa Asha. Wengi huandika 3j = a. Chanzo ni kuandika "a = Asha". Herufi si mtu, ni namba. Andika "a = umri wa Asha kwa miaka", kisha jaribu kwa namba: Asha akiwa na 10, Juma ana 30. Je, 3(30) = 10? Hapana. Basi j = 3a.

Hatua ya 7: Funika

Kesho yake, weka karatasi chini ya swali na ulitatue pembeni. Ukikwama, teremsha karatasi mstari mmoja tu, weka nukta kwenye daftari pale ulipokwama, endelea mwenyewe. Andika tarehe. Rudia baada ya siku tatu hivi, kisha baada ya wiki. Swali lililopita mara mbili bila nukta mpya liache lipumzike. Kama nukta inaangukia mstari ule ule kila mara, tatizo ni mstari huo, si swali zima, na kwa kawaida utakuta sababu yake upande wa kulia ni ya kubabaisha. Iandike upya.

Usinakili noti ziwe safi. Najua mkono unawasha. Muda huo unatosha maswali manne.

Daftari likijaa, usihamishe kanuni zote kwenda jipya. Mimi nahamisha kamusi, pamoja na maswali ambayo bado yana nukta, bila majibu yake. La mwisho nililianza na maswali tisa: sita ya sehemu zenye herufi kwenye asili (ile namba ya chini), mawili ya asilimia ya ongezeko, na moja la mabano yenye hasi mbele, 7 − 2(x − 3), ambalo hadi leo nalitatua polepole huku kidole kikiwa juu ya ile alama.