Shimo la saba: draiva ibaki kwenye begi

Wageni wanaotoka Dar wakifika shimo la saba la uwanja wetu wa gofu hapa Dodoma huutazama mbuyu pale penye kona, kisha huchomoa draiva, fimbo ya kupigia mbali kuliko zote, ili waupitishie mpira juu. Mimi ni kedi, mbeba begi la fimbo na mshauri wa mchezaji, na kila anayenikabidhi begi lake namsihi aanze kuhesabu kutokea kwenye grini, yaani pale penye nyasi fupi na kishimo chenye bendera.

Ni pa 4, yaani mchezaji mzuri hulimaliza kwa mikwaju minne, yadi 350, njia yake inakata kushoto. Kutoka kwenye tii, pale pa kupigia mkwaju wa kwanza, korongo linaanza yadi 215 na kuisha 240. Mchanga umelinda grini upande wa kushoto. Mlango wa kuingilia grini uko wazi kulia. Basi mkwaju wa pili utokee upande wa kulia, kabla ya kuvuka korongo, ukiwa umebakiza yadi 150 hivi. Chukua chuma namba 5 au fimbo yoyote unayoiamini kwa yadi 170. Kiangazi ardhi ya Dodoma ni ngumu kama sakafu, mpira utabiringika nyingine 25 na kusimama kabla ya korongo. Januari, mvua ikishalowesha udongo, haubiringiki hivyo, kwa hiyo ongeza fimbo, yaani chukua inayopiga mbali zaidi.

Mkwaju wa pili ndio wenye kazi. Tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Fimbo inayokupa yadi 150 kule pwani, hapa itakupa karibu 156. Hiyo ni asubuhi kukiwa kimya. Upepo wa mashariki ukianza kukupiga usoni, ongeza fimbo moja au mbili na upige taratibu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapaa, na upepo unausukuma nyuma. Mimi napenda utue mbele ya grini, ujiingize wenyewe kupitia mlango wa kulia. Bendera ikiwa kushoto nyuma ya mchanga, iache. Nasema kwa moyo wote, iache! Lenga katikati.

Mpira ukiingia korongoni, mna dakika 3 tu za kuutafuta, na miiba ya migunga haina huruma. Vigingi vya ukingo wa korongo ni vyekundu: adhabu mkwaju mmoja, dondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipovukia ukingo, bila kulisogelea shimo. Unaofuata ni wa tatu, yadi 135. Ufikishe kwenye grini, sukuma mara mbili, andika tano, twende la nane.