Somo: Kufundisha Kiingereza kwa simu, kwa mtu mzima ambaye hajazoea kusoma

Somo hili ni la walimu wa jioni wanaofundisha Wakongomani, Warundi na Wasudan Kusini walioweka makao Nakuru, Kisumu na Kitale. Wengi wao wanauza vitenge, wanashona, wanasuka au wanashika vibarua, na saa za darasa la kawaida haziwafai. Simu ndiyo darasa lao. Shida ni kwamba masomo mengi ya Kiingereza yaliyo mtandaoni humtaka mwanafunzi asome maagizo kwanza ndipo ajifunze. Ukishika jambo moja tu humu, shika hili: agizo lisikike au lionekane, lisihitaji kusomwa.

Hatua ya 1: Mjue unayemfundisha

Piga simu, usitume fomu. Mtu wa miaka hamsini usimwulize kama anajua kusoma, maana atakujibu ndiyo. Mtumie picha ya ubao wa bei, umwulize sukari ni bei gani. Utakuta makundi matatu: asiyeingia darasani kabisa, anayesoma Kirundi, Kiswahili au Kifaransa bila taabu ila hajui Kiingereza, na aliyesomea herufi za Kiarabu, ambaye jicho lake huanzia kulia. Huyo wa pili ataenda mbio. Usimweke pamoja na wa kwanza. Mmoja ataboeka na mwingine atanyamaza mpaka aondoke.

Hatua ya 2: Simu kwanza

Siku za mwanzo usifundishe Kiingereza chochote. Fundisha, kwa lugha anayoielewa, kushikilia alama ya maikrofoni ya WhatsApp, kuitelezesha juu ijifunge asichoke kidole, na kuivuta kushoto kufuta alichokosea. Hiyo ya kufuta ndiyo humpa ujasiri. Mwonyeshe pia kile kinamba cha 1x kinachotokea ujumbe wa sauti unapocheza. Kidole kikikigusa, mwalimu anaanza kuongea kama kasuku aliyekurupushwa, na mwanafunzi anaamini hicho ndicho Kiingereza.

Kundi la darasa liwekee picha isiyofanana na makundi yake mengine, maana jina la kundi hatalisoma.

Hatua ya 3: Chagua andishi moja ambalo tayari liko mikononi mwake

Kwangu mimi la kwanza ni ujumbe wa M-Pesa. Humfikia karibu kila mtu, unahusu hela yake, na hauachi umbo lake: "Confirmed", kisha "You have received" na kiasi, kisha jina, tarehe, saa, na mwisho "balance". Hakuna kitabu kitakachomrudishia maneno yale yale mara nyingi hivyo bila kumchosha.

Usitumie ujumbe wa mtu halisi, kwa kuwa unaonyesha jina la aliyetuma na salio la aliyepokea. Andika wa kubuni kwa kalamu nene, uupige picha. Siku ya kwanza tafuteni tarakimu tu: pesa iko wapi? Siku ya pili "received" iwe kijani na "sent" iwe nyekundu, na kwenye video fupi mkono wako uje kifuani kwa la kwanza na uende mbele kwa la pili. Siku ya tatu ondoa rangi. Hapo ndipo utajua nani anasoma neno na nani alikuwa anasoma rangi.

Usisahau sehemu ya juu ya ujumbe, panapoonekana jina la mtumaji. Wa kweli hutoka kwa mtumaji anayeonekana kama MPESA. Wa matapeli mara nyingi hutoka namba ya kawaida ya simu, na muda si muda mtu anapiga akilia kwamba ametuma kimakosa, arudishiwe. Mama anayejua "received" lakini haangalii juu bado ataliwa.

Kuanzia kwenye maneno ya maisha ya watu si mtindo mpya. Paulo Freire, Mbrazili aliyefundisha watu wazima kusoma, alifanya hivyo na wafanyakazi wa Angicos, Brazili, mwaka wa 1963.

Baada ya M-Pesa, nenda kwenye kadi ya kliniki. Kadi inasema 8:00 AM. Mwenye kuhesabu saa kwa Kiswahili ataiona nane, afike saa nane mchana, foleni imeshaisha. Saa peke yake inastahili wiki nzima.

Hatua ya 4: Mtiririko wa kipindi

Dakika kumi na tano zatosha. Tanguliza picha bila neno lolote. Fuatisha sauti isiyozidi dakika moja, sentensi ile ile mara tatu, na kimya katikati ili aseme naye. Kisha mpe kitendo: "Show me your shoes." Yeye anapiga picha ya viatu vyake na kuituma. Ameelewa, na hajaandika herufi hata moja. Kumwacha mtu atende kabla ya kusema ni njia ya mwanasaikolojia Mmarekani James Asher ya tangu miaka ya 1960, na kwa simu inafanya kazi vizuri ajabu. Ndipo ajibu kwa sauti.

Kuandika kuje mwisho, tena kwa kalamu na daftari, halafu atume picha ya ukurasa. Kuchapa kwenye simu kusubiri, kwa sababu simu humkisia maneno na wewe hutajua nani aliyeandika.

Hatua ya 5: Herufi

Kiswahili kimetudekeza: "a" ni "a" popote. Kiingereza kina "cat", "cake" na "call", na "a" zote tatu zinatamkwa tofauti. Anza na sauti ya mwanzo ya neno analolijua tayari mdomoni, b ya "balance". Majina ya herufi mfundishe ya kutaja jina lake tu, maana ofisini wataomba alitaje herufi kwa herufi.

Hatua ya 6: Bando

Picha na sauti kwa wingi, video kwa nadra na iwe fupi. Tuma baada ya chakula cha jioni.

Maswali ya walimu

*Mwalimu, wangu ni Wasudan Kusini na Kiswahili hawana. Maagizo niyatoe kwa lugha gani? (Kitale)*

Tafuta mmoja wao anayeelewa Kiingereza kidogo, arekodi maagizo kwa Kiarabu cha Juba, au Kidinka, au Kinuer, kulingana na kundi lako. Maagizo yenyewe hayazidi kumi: sikiliza, rudia, piga picha, tuma. Yarekodi mara moja, uwe unayatumia kila kipindi.

*Simu ni ya nyumba nzima, na naona mtoto ndiye anayemjibia mamake. (Kondele, Kisumu)*

Omba jibu la sauti, si la maandishi, na uliza jambo ambalo mama tu analijua: leo ameuza nini, nani mteja wake wa kwanza. Mtoto usimfukuze. Mpe kazi ya kushika simu wakati mama akiigiza kitendo.

*Kwa nini tusitumie Zoom tuonane? (Nakuru)*

Kikao cha bure cha kundi hukatika dakika ya arobaini, na cha moja kwa moja hakirudiwi. Aliyekuwa sokoni amekikosa. Ujumbe wa sauti anausikiliza akimenya viazi, mara anazotaka.

*Nina mzee anasema herufi zinacheza. Nimempunguzia kazi lakini bado. (Kaptembwo, Nakuru)*

Mwalimu mwenzangu, huenda shida si kusoma. Baada ya miaka arobaini macho ya wengi hushindwa na vitu vya karibu. Nenda kwenye mipangilio ya simu yake uongeze ukubwa wa maandishi, kisha umwombe aishike mbali kidogo. Akisoma vizuri zaidi, mpeleke akapimwe miwani ya kusomea kabla hujamrudisha nyuma hata somo moja.