Bodi ya kalkuleta ya zamani imeliwa na betri? Tengeneza nyingine

Wakuu wa Mbeya na Iringa, kama una kalkuleta ya mzee imekaa kabatini na betri zake ndani, ukaifungua ukakuta ukungu wa kijani kwenye bodi, usiitupe kwanza. Mara nyingi chipu bado nzima, kilichooza ni njia za shaba. Chipu hiyo huipati tena dukani ila bodi unachora nyingine, kwa hiyo linda chipu.

Uchafu wa betri za kuchaji za nikeli-kadmiamu ni alkali, sugua na siki kwa mswaki mkuukuu. Zile za kaboni majimaji yake ni asidi, hapo weka bekingi soda kwenye maji. Malizia na spiriti.

Sasa kabla hujang'oa kitu piga picha pande zote, peleka steshenari waiskani kwa dpi 600 na rula pembeni, halafu kaa na mita ya kupimia umeme uliyoiweka kwenye mlio (inalia pini mbili zikiwa zimeungana) ufuate pini moja moja inaenda wapi, uandike kwenye daftari. Hii kazi inachosha lakini ndo yenyewe. Penye kutu mita haitalia hata kama njia ilikuwepo, mulika tochi kwa nyuma utaona kivuli chake. Pima pia unene, maana bodi za kuagiza kwa kawaida ni milimita 1.6 na kalkuleta zingine zina nyembamba zaidi, ukikosea hapo kasha halifungi ng'o.

Kuchora tumia KiCad, programu ya kompyuta ya kuchora bodi, ni ya bure, weka skani chini ufuatishe. Kama vitufe ni vya raba vinavyobonyeza moja kwa moja kwenye bodi, usihangaike kutengeneza nyumbani, shaba tupu itageuka nyeusi na vitufe vitagoma, agiza China yenye kupakwa dhahabu. Wanaanzia vipande 5, vinavyobaki wauzie wenzio.

Bodi isiyo na vitufe fanya mwenyewe: printi kwa printa ya leza kwenye karatasi ya magazeti ya kung'aa, mchoro uliotoka kwenye skani ya upande wa shaba lazima ugeuzwe kama wa kwenye kioo, gandamiza juu ya bodi tupu yenye shaba kwa pasi ya moto isiyo na mvuke, loweka, bandua karatasi, kisha tia kwenye feriki kloraidi (kemikali inayokula shaba isiyofunikwa na wino) ndani ya bakuli la plastiki. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na saba inaichelewesha sana, kalisha bakuli kwenye beseni la maji ya vuguvugu utikise taratibu. Vaa glavu, usimwage kwenye karo.

Kutoa chipu, bodi si imeshakufa? Ikate kuizunguka, uyeyushe risasi ya kulehemu pini kwa pini, usivute kwa nguvu. Na kipupwe hiki ukiwa na sweta umeme wa mwili unaua chipu za zamani, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kwanza.

Chipu ikishakaa kwenye bodi mpya, kabla ya kuweka betri pima chanya na hasi, mita isilie. Wenye kalkuleta ya HP-25 ya 1975, usichomeke chaja bila betri nzima ndani, chipu zinaweza kuungua. Ukiwasha jaribu kila kitufe, mstari mzima ukigoma basi njia moja imekatika mahali, rudi kwenye daftari uifuate.