SOMO: Mbwa wako anaumwa nini? Soma hapa kwanza

Kila wiki naulizwa, "Mbwa hali, nimpe dawa gani?" Kutokula ni dalili ya magonjwa mengi. Naandika mara moja, kwa sisi wa Tabora na jirani.

1. Jua umri wake na chanjo alizopata.

2. Kinyesi. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu yenye harufu kali, shuku parvo, ugonjwa wa virusi wa utumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maji yanamwisha mwilini.

3. Macho na pua. Tongotongo, makamasi mazito na kikohozi, baadaye misuli kurukaruka: distempa, nao ni ugonjwa wa virusi. Macho yakiingia ukungu, ana homa, na huwa anaingia porini, omba apimwe damu. Mbung'o huwapa nagana (ugonjwa wa vimelea vya damu) hata mbwa.

4. Ufizi mweupe na kupe wengi: homa ya kupe.

5. Mdomo. Hapa nilikosea mimi. Mbwa wangu taya lililegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Nikaamini mfupa umemkwama, nikaingiza mkono kooni. Hapakuwa na mfupa. Taya lilikuwa limepooza kwa kichaa cha mbwa. Alikufa bila kumng'ata mtu, na mimi nilikuwa na mchubuko kidoleni; nikachomwa sindano zote. USIINGIZE MKONO. Tumezoea kichaa cha ukali, lakini kipo cha kupooza, mbwa ametulia kabisa. Mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Ukisubiri dalili, umechelewa.

MASWALI

— Mkuu, wangu hali tangu jana, dawa gani?
Rudi namba 1.

— Huku Urambo tunajua mwenye kichaa anaogopa maji. Wangu anayafuata, si yuko salama?
Hapana. Kuogopa maji ni kwa binadamu. Mbwa huyafuata, akashindwa kumeza. Mfungie, usimguse, mwite afisa mifugo leo.

— Mwalimu, mtoto wa mbwa wa kwanza alikufa kwa parvo. Naweza kuweka mwingine banda lilelile?
Asante kwa kuuliza kabla, dada. Kirusi hicho hukaa udongoni miezi mingi. Sakafu ya saruji isugue kwa sabuni, kisha jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 30, iache dakika 10. Udongo hautakati hivyo, kwa hiyo mlete aliyemaliza chanjo, ya mwisho akiwa na wiki 16.

— Kupe mimi naogeshea dawa ya ng'ombe, wanaisha.
Kwa kipimo cha ng'ombe unaweza kumuua. Omba dawa ya mbwa, na ukague katikati ya vidole na ndani ya masikio, ndiko wanakojificha.