Diski Pacha kwa LVM: Seva Iendelee Diski Moja Ikifa

Hapa Kisumu, stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, kitu cha kwanza kuniingia akilini ni diski. Niliwahi kuitwa kwenye duka la dawa upande wa Kibuye: diski moja kati ya mbili ilikuwa imekufa, na kijana wa zamu, kwa nia njema kabisa, akachomoa nyingine. Akachomoa nzima. Wateja walikuwa wamepanga foleni na kompyuta ya malipo imeganda. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na plasta za kutambulisha diski, kabla ya kuunda chochote. Diski pacha ni diski mbili zinazobeba data ile ile, na LVM ni sehemu ya Linux inayosimamia nafasi ya diski.

Hatua ya 1: Zijue diski zako. Nachukulia una seva ya Linux yenye diski mbili tupu za TB 1. Andika:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Nakili herufi nne za mwisho za namba ya kiwandani (SERIAL) ya kila diski kwenye kipande cha plasta, ukibandike mbele ya diski yenyewe. Usitegemee majina kama sdb na sdc, maana yanaweza kubadilishana seva ikiwashwa upya. Namba ya kiwandani haibadiliki.

Hatua ya 2: Zikabidhi kwa LVM. Soma jina la diski mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

`sudo pvcreate /dev/sdb /dev/sdc`
`sudo vgcreate hifadhi /dev/sdb /dev/sdc`

Hatua ya 3: Unda pacha.

`sudo lvcreate --type raid1 -m 1 -L 800G -n data hifadhi`

Wengi hukwama kwenye `-m 1`. Maana yake ni nakala moja ya ziada juu ya ile ya kwanza, kwa hiyo jumla ni mbili. Nimeacha nafasi makusudi: kuongeza ukubwa baadaye ni amri moja tu, lakini kupunguza ni kazi ya kutoa jasho.

Hatua ya 4: Subiri. Diski zinaanza kulinganishwa hapo hapo, na kwa ukubwa huu kazi inaweza kuchukua saa kadhaa. Fuatilia hivi:

`sudo lvs -a -o name,copy_percent,devices hifadhi`

Utaona nakala mbili za pacha: data_rimage_0 kwenye diski moja na data_rimage_1 kwenye nyingine. Kabla asilimia haijafika 100.00, huna pacha bado.

Hatua ya 5: Weka mfumo wa faili.

`sudo mkfs.ext4 /dev/hifadhi/data`
`sudo mkdir /srv/data`

Ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab, faili inayoiambia Linux diski zipi izifungue ikiwaka, kisha `sudo mount -a`:

`/dev/hifadhi/data /srv/data ext4 defaults,nofail 0 2`

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kumkabidhi mwenye seva. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na mimi siwezi kuiruka. Weka faili chache, zima seva, chomoa waya wa diski moja, washa. Faili zikifunguka, kazi yako inashika. Zima tena, rudisha waya, washa, halafu:

`sudo lvchange --refresh hifadhi/data`

Angalia asilimia ifike tena 100.00.

Neno moja kuhusu nakala rudufu: pacha inakukinga na diski iliyokufa, basi. Mtu akifuta faili, inafutika pande zote mbili papo hapo. Bado unahitaji nakala kwenye mashine nyingine, ikiwezekana jengo lingine. Na seva isikae bila UPS, yaani betri ya akiba ya stima ikikatika.

Siku diski itakapokufa kweli. Linganisha namba na plasta, zima seva, toa iliyokufa, weka mpya. Tuseme mpya imeonekana kama sdd:

`sudo pvcreate /dev/sdd`
`sudo vgextend hifadhi /dev/sdd`
`sudo lvconvert --repair hifadhi/data`
`sudo vgreduce --removemissing hifadhi`

Rudia amri ya hatua ya 4 mpaka ulinganishaji uishe. Na kabla hujafunga kifuniko, bandika plasta mpya.